Kuzitafuta Njia za Baridi Nyumbani

Ewe msomaji ambaye riziki, masomo au vita vimekupeleka Minnesota, Maine, Ohio au Ontario, ukapanga ama ukanunua nyumba ya mbao katika nchi ambako usiku wa Januari kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, yamkini umekwisha kuionja taabu hii: tanuri la gesi linanguruma tangu magharibi hata alfajiri, ankara inapanda mwezi baada ya mwezi, ilhali miguu yako sebuleni haipati joto, na chumba kimoja, aghalabu kile kilichojengwa juu ya gereji, hakilaliki ila kwa mablanketi matatu. Mwongozo huu umekusudiwa kukuonyesha namna ya kuipekua nyumba hiyo mwenyewe, kwa vyombo vichache na kwa subira nyingi, upate kujua hari inatokea wapi na baridi inaingilia wapi, kabla hujatoa hata senti moja kununua dirisha jipya. Dirisha nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ndilo analolisifu kila muuzaji agongaye mlango wako, na mara nyingi ndilo la mwisho kustahili fedha zako. Njia kubwa za baridi zimefichika darini na katika chumba cha chini, mahali ambapo mwenye nyumba hapandi wala hashuki ila akitafuta sanduku la nguo kuukuu.

Aliyekulia pwani huianza kazi hii na mazoea ya kinyume. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja ilijengwa ili upepo ukaribishwe: ua ulioachwa wazi katikati, matundu juu ya kuta, na kuta zenyewe nene, za matumbawe na chokaa, zisizopashwa joto upesi na jua la mchana. Nyumba ya mbao ya Kimarekani imejengwa kwa tadbiri nyingine kabisa: nguzo nyembamba zimesimamishwa kwa safu, zikafunikwa nje kwa mbao na ndani kwa ubao wa jasi, na uwazi uliobaki baina yake ukajazwa sufi ya kioo au karatasi iliyosagwa. Katika mchoro wa msanifu nyumba hiyo haina tundu. Kisha akaja fundi bomba akatoboa njia ya maji, akaja fundi umeme akatoboa njia ya nyaya, akaja mjenzi wa dohani akaacha nafasi pande zote ili mbao zisiungue, na kila mmoja akaenda zake akidhani kuziba ni kazi ya atakayemfuata.

Hari husafiri kwa njia tatu, na zote tatu zimo nyumbani mwako: hupenya ndani ya kitu kigumu, kama joto la sufuria linavyoufikia mkono kwa mpini wa chuma; huchukuliwa na hewa iendayo; na huruka kwa mionzi kutoka kitu chenye joto kwenda kitu cha baridi bila ya kuhitaji mchukuzi. Njia ya kwanza na ya tatu hupunguzwa na sufi ya ukutani na vioo vya tabaka mbili. Ya pili ndiyo yenye hila, maana sufi ya kioo huichuja hewa vumbi lake wala haiisimamishi, na mtu anaweza kujaza sufi darini hata ikafika magotini, na hewa yake ya joto ikaendelea kupanda katikati ya sufi hiyo na kwenda zake angani.

Sababu ya kupanda kwake yafaa uielewe vyema, kwani ndiyo itakayokuambia mahali pa kutafuta. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, basi katika nyumba iliyopashwa moto hewa ya ndani huelea juu, ikaisukuma dari na kutokea kila palipo na upenyo, na badala yake hewa ya baridi huvutwa kuingia kwa chini, penye msingi na sakafu. Ndani pakiwa na nyuzi 20, na nje nyuzi 15 chini ya sifuri, nyumba yenye kimo cha mita 5 hupata msukumo wa paskali 4 hivi darini na mvuto wa kiasi hichohicho sakafuni. Ni nguvu ndogo, isiyoweza hata kuufunga mlango, lakini haina usiku wala mchana, nayo hufanya kazi msimu mzima ilhali upepo wa nje huja na kuondoka. Na katikati ya kimo cha nyumba pana mstari usioonekana ambapo hewa haiingii wala haitoki. Dirisha bovu lililoangukia katika mstari huo laweza kuwa na mwanya wa kupitisha kidole, na bado siku isiyo na upepo likawa halipitishi chochote cha kutajika. Kwa hiyo anayeziba madirisha ya katikati akaiacha dari na chumba cha chini ameziba palipotaka kuzibwa mwisho.

Chagua siku. Upekuzi wa hari hauna maana siku ambayo ndani na nje pamelingana. Ungoje asubuhi ya baridi kali, kabla ya jua kuchomoza, na kama kuna upepo kidogo ni heri zaidi. Anza nje, ulitazame paa kutoka upande wa pili wa barabara. Ikiwa usiku theluji imeanguka sawasawa kwa nyumba zote, na paa la jirani lingali jeupe ilhali lako lina mabaka meusi yaliyoyeyuka, basi mabaka hayo ni ramani: chini ya kila baka pana hari inayovuja. Tazama na ukingo wa paa. Theluji iliyoyeyuka juu ya sehemu yenye joto huteremka ikaganda tena inapofika ukingoni, ambako hakuna joto, na ikijengeka huko huwa ukuta wa barafu uzuiao maji ya nyuma yake, yakapenya chini ya vigae na kuingia chumbani. Wageni wengi hupiga picha vijiti virefu vya barafu vinavyoning'inia kwenye nyumba zao, wakawapelekea jamaa huko nyumbani kwa kuwa ni vizuri kutazama; ni vizuri kweli, lakini vikijipanga kwa wingi ni dalili ya dari inayovuja.

Ukirudi ndani, kabla ya kushika chombo chochote, tembea polepole ukitumia macho na viganja. Lowesha mgongo wa mkono wako kwa maji, maana ngozi iliyolowa huhisi mkondo wa hewa ambao ngozi kavu haiujui, uupitishe karibu na mbao za chini ya kuta, pembe za madirisha, na vifuniko vya soketi zilizo katika kuta za nje. Angalia zulia: pakiwa na mstari mweusi unaofuata ukuta, usioondoka kwa sabuni, huenda hewa imekuwa ikipita chini ya ukuta huo kwa miaka, na zulia limekuwa likiichuja. Angalia utando wa buibui katika chumba cha chini, kwa sababu buibui hupenda kutega palipo na hewa iendayo. Angalia kabati lililoegemezwa ukuta wa nje, ulisogeze, uone kama nyuma yake pameota kuvu; hewa ya chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 hudondosha umande wake juu ya kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 9 hivi, na ukuta usio na sufi, uliofichwa nyuma ya kabati ambako joto la chumba halifiki, hupoa kupita hapo bila ya taabu.

Sasa ni zamu ya udi. Mafundi wa kazi hii huuziwa kalamu maalumu zitoazo moshi, lakini udi wa vijiti, ule unaofukizwa katika nyumba zetu wageni wanapotarajiwa, hutosha kabisa, nao ni salama kuliko mshumaa, ambao watu huelekezwa kuutumia na ambao umbali wa shubiri moja kutoka pazia ni moto unaotafuta nafasi. Itayarishe nyumba kwanza, wala usiruke hata hatua moja ya matayarisho haya. Zima tanuri la gesi na chombo cha gesi cha kuchemshia maji. Hakikisha majivu ya mekoni ni baridi na kizibo cha dohani kimefungwa. Funga madirisha na milango yote ya nje. Fungua milango yote ya vyumba. Kisha washa feni ya bafuni na ile ya juu ya jiko inayotoa moshi nje. Feni hizo zitaivuta hewa ya ndani, na nyumba, ikitaka kuilipa, itavuta hewa ya nje kupitia kila ufa uliopo. Ukizima tanuri usisahau kuliwasha tena kazi ikiisha; na sababu ya kulizima ni kwamba feni zile zikizidi nguvu huweza kuurudisha moshi wake wa sumu ndani ya nyumba, jambo nitakalolirudia kwa urefu mbele.

Washa kijiti kimoja, upulize mwali uzimike ubaki moshi, ukishike mbele ya ukuta mahali usipoupumulia. Moshi wa udi katika hewa tulivu hupanda uzi mmoja ulionyooka kiasi cha shubiri mbili, kisha ndipo unapovurugika. Sogeza kijiti polepole kuelekea kifuniko cha soketi. Penye upenyo, ule uzi utakatika ghafla karibu na mzizi wake na kulala ubavu, ukielekea chumbani kama hewa inaingia, au ukifyonzwa na tundu na kutoweka kama inatoka. Wakati feni zinavuta, takriban kila mahali utauona ukisukumwa kuja kwako. Jifunze tofauti baina ya moshi unaoyumba kwa sababu mtoto amepita na moshi ulioinama ukabaki umeinama, kwani huo wa pili ndio ushahidi. Weka kipande cha utepe wa rangi penye kila ushahidi, uendelee mbele bila ya kusimama kuziba. Ukianza kuziba ufa wa kwanza hutafika wa ishirini. Na ukifika karibu na dari mwambie mtu akae chini ya king'ora cha moshi na gazeti la kupepea, la sivyo majirani watajua yote unayoyafanya.

Katika chumba cha chini, pita pale ambapo ukuta wa zege unakutana na mbao za kwanza za nyumba. Mbao hizo za msingi zimelazwa juu ya zege lisilonyooka, na juu yake vichwa vya maboriti ya sakafu vimepangwa kwa safu, kila baina ya viwili pakiwa na kisanduku kidogo kisicho na mlinzi ila ubao mmoja mwembamba unaotazamana na theluji. Ukiondoa sufi iliyosukumwa humo kwa haraka utaona mwanga wa mchana, na pengine jalidi nyeupe juu ya vichwa vya misumari. Tazama pia tundu la bomba la gesi, la maji, la waya wa televisheni lililotobolewa na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumba nyingine, na bomba la kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo ambalo kifuniko chake cha nje kimekwama wazi kwa nyuzi za nguo.

Darini ndiko kwenye siri kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walioshughulika na nyumba za Twin Rivers katika jimbo la New Jersey, katika miaka ya 1970 ambapo bei ya mafuta ilipanda na Wamarekani wakaanza kuzihesabu hari zao, waliona kwamba hari iliyopotea darini ilizidi sana ile waliyoikadiria kwa hesabu ya unene wa sufi. Na walipotafuta sababu waliikuta katika njia za uficho, baina ya kuta za ndani, kandokando ya dohani na mabomba, ambazo hewa ya joto ilizipanda hadi chini ya paa bila ya kuigusa sufi. Njia hizo zimo katika nyumba yako nawe. Panda asubuhi, umevaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, ukanyage juu ya maboriti tu, maana aliyekanyaga baina ya maboriti mguu wake umetokea katika chumba cha kulala. Usitafute tundu kwanza; tafuta sufi iliyochafuka. Sufi ya kioo ya rangi ya waridi au njano iliyogeuka kuwa nyeusi mahali pamoja haikuoza wala haikuungua, bali imechuja vumbi la hewa ya nyumba yako kwa miaka 30, na ukiinyanyua utakuta chini yake tundu la waya, au kichwa cha ukuta kisichofunikwa, au taa iliyozamishwa darini, au ule mwanya kuzunguka dohani ambao peke yake waweza kuwa mpana kuliko nyufa za madirisha yako yote zikikusanywa pamoja. Tazama vilevile ncha za misumari ya paa: zikiota jalidi, ni unyevu wa mapishi na wa kuoga uliopanda hadi huko. Na usisahau mlango wa dari uliopandia, ambao mara nyingi ni ubao mtupu uliolazwa juu ya fremu, hauna sufi wala mpira, kwenye sehemu ya nyumba yenye msukumo mkubwa kuliko zote.

Madirisha na milango nayataja kwa ufupi. Fungia karatasi baina ya mlango na mwimo wake, kisha uivute. Ikitoka bila ya kukataa, mpira wa mlango umekwisha. Ukungu wa maji ukitanda juu ya kioo upande wa chumbani, tatizo ni unyevu mwingi au kioo baridi. Ukitanda baina ya vioo viwili, muhuri wa vioo hivyo umevunjika. Lakini hata hapo hasara ya hari ni ndogo kuliko hasara ya macho.

Ipo hari ipoteayo bila ya tundu lolote, kwa kupenya ukuta usiojazwa sufi, na hiyo moshi wa udi hauijui. Hapa ndipo penye faida ya kuiona mionzi. Mwaka 1800 William Herschel, mnajimu aliyekuwa akiishi Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo na kuweka vipimajoto katika kila rangi, naye akaona kwamba kipimajoto kilichowekwa kando ya wekundu, mahali pasipo na rangi yoyote kwa jicho la mwanadamu, ndicho kilichopanda zaidi. Mionzi hiyo isiyoonekana ndiyo inayosomwa leo na kamera ya joto, na hata na kile kipimajoto kidogo cha mionzi kinachoelekezwa ukutani kama tochi, ambacho bei yake haimshindi mtu wa kipato cha kawaida. Baadhi ya maktaba za umma Marekani huazimisha kamera hizo kama zinavyoazimisha vitabu, na maduka ya vifaa hukodisha. Uliza kabla ya kununua.

Kamera hiyo husema kweli kwa anayejua kuiuliza, na humdanganya asiyejua. Haioni ndani ya ukuta. Huona uso wa ukuta tu, na kutokana na joto la uso huo wewe ndiye unayekisia yaliyo nyuma yake. Inataka tofauti isiyopungua nyuzi 10 baina ya ndani na nje, na kuta zisizopigwa na jua kwa saa nyingi zilizotangulia. Mistari ya wima iliyopoa kidogo, iliyopangwa kwa umbali ulio sawa, ni nguzo za mbao, nazo si kasoro. Pembe nne kamili iliyopoa baina ya nguzo mbili ni mahali ambapo sufi haikuwekwa au imeporomoka. Alama isiyo na umbo, yenye vidole virefu vinavyotambaa kutoka pembeni au kutoka kwenye soketi, ni hewa ya baridi inayoingia, na ili uwe na yakini piga picha kabla ya kuwasha feni na nyingine baada ya dakika kumi, uone kama vidole vimekua. Unyevu ulioloweka dari nao huonekana kama baridi, basi gusa kabla ya kutoa hukumu. Ama kioo cha dirisha na chuma kinachong'aa, usiviamini abadan: huakisi mionzi ya vitu vingine, na unaweza kuona katika kioo umbo la joto la mtu aliyesimama, ukashangaa ni nani aliye nje usiku huo, kumbe ni wewe.

Ukitaka hesabu badala ya dalili, mwite mkaguzi mwenye feni ya mlangoni. Chombo hiki kilianzia Sweden, ambako mwaka 1977 feni ilikuwa ikifungwa dirishani, na baadaye wataalamu wa Princeton wakaihamishia mlangoni. Fundi hutandika kitambaa kisichopitisha hewa katika fremu ya mlango wa mbele, akaweka feni katikati yake, akaivuta hewa ya ndani hadi tofauti ya msukumo ikafika paskali 50, ambayo ni sawa na upepo wa kilomita 32 kwa saa uivumiao nyumba kwa pande zake zote mara moja. Kisha husoma ni hewa kiasi gani imepita, akaigawanya kwa ukubwa wa nyumba, akakupa idadi ya mara ambazo hewa yote ya nyumba ingebadilishwa kwa saa moja katika msukumo huo. Nyumba kuukuu hupata 10, hata 15 na zaidi. Kielelezo cha kanuni za ujenzi cha Marekani, katika toleo lake la 2012, kiliitaka nyumba mpya ya nchi za baridi isizidi 3. Na kipimo kikali cha Kijerumani, kilichotokana na nyumba za Darmstadt zilizojengwa mwaka 1991, ni 0.6. Ili kukadiria hali ya siku za kawaida mafundi wa zamani waliigawanya idadi hiyo kwa 20, hesabu ya jumla jumla lakini isiyopotosha sana: penye 10, nusu ya hewa uliyoilipia gesi kuipasha hukutoka kila saa.

Nambari hiyo ni nzuri kuwa nayo, lakini nionavyo mimi faida kubwa ya feni ya mlangoni si nambari. Mwombe mkaguzi, kabla hajaja na si akiwa anafungasha, aiache feni ikivuma kwa muda wa nusu saa baada ya kipimo, nawe uzunguke na udi wako na mkono uliolowa. Nyufa zilizokuwa zikinong'ona zitasema waziwazi, na soketi uliyoipita mara ya kwanza itakupulizia usoni.

Yapo mambo ambayo kutoyajua kunaua, na hapa naomba unisome kwa makini. Nyumba uliyoiziba vyema haina hewa ya kuchezea: tanuri, jiko au chombo cha kuchemshia maji kinachochoma gesi kikikosa hewa, au moshi wake ukirudishwa ndani na feni, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Weka king'ora chake katika kila ghorofa kabla ya kuziba chochote, na baada ya kuziba mwite fundi apime kama moshi wa tanuri unapanda dohani kama ipasavyo. Wala usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, umeme ukatike ama usikatike. Sisi tumekaa na mkaa maisha yetu yote katika nyumba zinazopitisha upepo, kwa hiyo hatuuogopi. Lakini Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme Texas, wengi waliletwa hospitali na wengine walikufa kwa mkaa, jenereta na magari waliyoyawasha ndani au gerejini kutafuta joto.

Kadhalika, darini ukikuta punje nyepesi zenye kung'aa, za kijivu, hudhurungi au dhahabu, zilizomwagwa kama changarawe, shuka taratibu bila ya kuzigusa. Hiyo ni vamikulaiti, na sehemu kubwa ya iliyouzwa Marekani ilichimbwa Libby, Montana, katika mgodi uliofungwa mwaka 1990, ambao mawe yake yalichanganyika na asbesto. Ichukulie kuwa ina sumu hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Na ukiona nyaya za kale zinazopita juu ya vishikizo vya kauri, usizifukie kwa sufi kabla ya fundi umeme kuziangalia, maana nyaya hizo zilitegemea hewa ya wazi kuzipoza.

Kuziba sasa kuna taratibu yake: juu kwanza, kisha chini, kisha katikati. Nyufa ndogo hupakwa gundi ya kuzibia, kubwa hujazwa povu, na matundu mapana hufunikwa ubao uliogundishwa kingo zote. Ila kuzunguka dohani na mabomba ya moshi hutumika bati na gundi isiyoungua, wala povu lisisogezwe huko. Mlango wa dari ubandike utepe wa mpira kwenye fremu na sufi ngumu mgongoni mwake. Sufi mpya darini ije baada ya kuziba, kwani ikitangulia itakuficha matundu na hutayafikia tena.

Ikiwa wewe ni mpangaji, kazi ya darini si yako, lakini ushahidi ni wako: andika orodha, ambatisha picha za jalidi na za kamera, umpelekee mwenye nyumba kwa maandishi na kwa adabu, ubaki na nakala. Kwa upande wako unaruhusika kubandika utepe milangoni, kuweka mpira mwembamba nyuma ya vifuniko vya soketi baada ya kuzima umeme, na kutandika nailoni ya dirishani inayokazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Na kama kipato chako ni kidogo, Marekani upo mpango wa serikali wa kuzikinga nyumba na baridi, ulioanzishwa kwa sheria ya 1976, unaompelekea mtu mkaguzi, feni ya mlangoni na mafundi bila ya malipo. Mpangaji naye hustahili, mradi mwenye nyumba akubali. Foleni yake ni ndefu, basi omba mwezi wa Aprili, wenzako wakiwa wamekwisha kuisahau baridi.

Ukimaliza, rudia udi usiku wa baridi unaofuata, katika vituo vilevile vyenye utepe wa rangi. Kisha nunua kipimo cha unyevu ukitundike sebuleni, maana nyumba iliyoacha kuvuja hubaki na mvuke wa pilau, wa kufua na wa pumzi za watoto. Baridi ya nje ikizidi, asilimia 30 hutosha. Ikifika 50 na vioo vikaanza kutiririka, nyumba inataka hewa, nayo ipewe kwa njia uliyoichagua wewe: feni ya jikoni iwashwe kila sufuria inapotokota, na ya bafuni iachwe ikizunguka dakika 20 baada ya mtu wa mwisho kuoga.